Kilatini cha Magoti

Yudith Kristian Shemhilu ni binti wa Kristian, yule aliyefyatua vigae vya kanisa la misheni, akaanguka kutoka juu ya paa alilokuwa analiezeka, akajipangusa vumbi, akapanda tena kumalizia. Kristian naye alikuwa mtoto wa Shemhilu mkubwa, aliyewekwa ndani na serikali ya Mwingereza kwa kukataa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Na alipokuwa huko ndani, mkewe alikwenda na mtoto mgongoni akaketi juu ya tuta lililokwisha kuchimbwa, akaketi hapo mpaka bwana shamba akachoka kumtazama akaenda zake. Hao ndio watu wake. Yudith mwenyewe ndiye mwanamke wa kwanza upande wetu wa Lushoto kupanda koliflawa, enzi ambazo watu walimcheka kwamba analima mashada ya harusi. Ndiye aliyemwambia mkubwa mmoja wa serikali mbele ya kadamnasi, mwaka ambao mvua ilikata barabara, kwamba kifusi hakizolewi kwa hotuba, kisha akampa sepetu. Alizaa watoto watano, akamzika mumewe Abrahamu, na katika maisha yake hajawahi kununua mchicha.

Lakini ukikaa naye jikoni kwake ukamuuliza habari zake, hataanza na hayo. Ataanza kwa kukwambia kwamba anajua Kilatini.

Alikijua hivi. Alipokuwa msichana mdogo misa ilikuwa bado ya Kilatini, padri akiwapa watu mgongo. Katekista wao alikuwa mzee Hezekia, mtu mrefu mwenye fimbo ya mpera, ambaye aliwapanga watoto chini ya ukuta wa kanisa na kuwaimbisha mpaka sauti zote zikawa sauti moja. Aliyekosea aliisikia fimbo miguuni. Mtoto akiuliza neno fulani maana yake nini, mzee Hezekia hakuwa mchoyo, alijibu. Credo ni nini? Kusimama. Sanctus? Kengele. Na culpa? Kifua, akakipiga chake kikalia kama debe. Yudith alikuwa muulizaji kuliko wenzake wote, kwa hiyo aliondoka na majibu mengi kuliko wenzake wote, akayatunza. Misa ilipogeuzwa kuwa ya Kiswahili wenzake waliyaacha yale ya zamani kama mtu anavyoacha kiatu kilichombana. Yeye hakuacha. Aliyaimba akipalilia karoti, akayaimba akitwanga, na jirani yake Husna, ambaye ni Mwislamu na amezeeka naye ua kwa ua, alikuwa akisema kwamba kwa kusikiliza tu yeye anajua misa kuliko Wakristo wengi.

Ushahidi anao. Njia ya kwenda Irente inapita juu ya shamba lake, na wageni hupita hapo kila siku na fimbo zao za kutembelea, kwenda kuangalia nchi ya chini ilivyo mbali. Siku moja alipita mzungu mzee sana, amechoka, akaegemea mti. Yudith akainuka kwenye karoti akamsalimia kwa Kilatini, Dominus vobiscum, na kumkunjulia mikono kama padri. Yule mzungu alivua kofia, akasimama wima, akajibu kwa Kilatini hicho hicho, machozi yakimlenga. Hilo lilionekana na watu. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumbishia.

Sasa, mjukuu wake Happiness. Huyu ni binti wa Timotheo, mtoto wa tatu wa Yudith, ambaye ni fundi seremala Korogwe. Alipoachishwa ziwa aliletwa kwa bibi yake, kama inavyofanyika kwetu mama anapokuwa na mimba nyingine, na hakurudishwa. Walizoeana, wakataniana kama wanavyotaniana bibi na mjukuu. Yudith akimwita mke mwenzangu, Happiness akimwambia kwamba akimzidi kupika, babu angefufuka akamchagua yeye. Walilala chumba kimoja. Nyumba ile pasipo Happiness ni Yudith na kuku.

Mtoto alikuwa hodari shule ya msingi, ambako wanasoma kwa Kiswahili. Alipoingia kidato cha kwanza kila kitu kikawa Kiingereza, kuanzia hesabu hadi maumbile ya panzi, na Happiness akawa kama mtu aliyeingizwa kwenye nyumba ya watu gizani. Alirudi na alama za kutia huruma. Timotheo akaja Krismasi, akatazama ripoti, akasema kwa upole lakini akasema: mtihani wa nusu muhula wa kidato cha pili ukiwa hivyo tena, namchukua. Korogwe ana jirani mwalimu atakayemfundisha jioni. Yudith hakubisha. Alimwambia tu kwamba huo mtihani utafika na utapita na mtoto atabaki hapo alipo.

Mwaka mpya ulipoanza akaja mwalimu mgeni, Mwalimu Hamza, kijana wa Mnazi kule chini kwenye joto, ambaye alivaa sweta mbili na koti akiwa darasani. Huyo alikuja na njia yake ya kufundisha maneno. Aliwaambia wanafunzi wasimeze neno zima kama kidonge, walikate. Neno la Kiingereza, alisema, mara nyingi lina kichwa, lina mzizi, lina mkia. Kichwa kinageuza maana, mkia unasema neno linafanya kazi gani, na mzizi ndio wenyewe. Na mizizi mingi ilitoka kwenye Kilatini.

Happiness alirudi nyumbani mbio siku hiyo, mkoba ukimpiga mgongoni. Akamkuta bibi yake anachambua maharage.

"Bibi, mwalimu anasema Kiingereza kimetoka kwenye Kilatini."

Yudith hakuinua macho haraka. Alimaliza konzi iliyokuwa mkononi. Kisha akasema, "Na mimi niko hapa miaka yote hii, hakuna aliyeniuliza."

Akamwambia alete neno, lolote. Happiness akatoa dismiss. Kichwa chake kilikuwa di au dis, kutawanya. Mzizi ni miss, na huo mwalimu alikuwa amewaachia wakautafute wenyewe. Yudith akafikiri kidogo. Mwisho kabisa wa misa padri alisema Ite, missa est, na mara hiyo watoto walikuwa mlangoni. Akasema, miss ni kuruhusiwa kwenda nyumbani. Happiness akaandika hivyo, kesho yake akasoma mbele ya darasa kwamba dismiss ni kuwatawanya watu waende makwao, na Mwalimu Hamza akamsifu, akawaambia wengine wampigie makofi.

Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Jibu lingekuwa limekosewa siku hiyo ya kwanza, yangeishia hapo.

Tangu siku hiyo walisoma shambani. Yudith kwenye tuta lake, Happiness kwenye tuta lake, wanang'oa magugu katikati ya karoti. Mtoto anataja mzizi, bibi anaanza kuimba kuutafuta, maana hakuwa na maneno yale yamekaa moja moja. Yalikuwa yamefungana kama uzi kwenye kigogo, ukitaka la katikati lazima uanzie mwanzo. Akilifikia, mwili wake ulifanya wenyewe kile mwili ulichozoea kufanya, na hiyo ndiyo ikawa maana. Ilipotajwa cred aliimba, akajikuta amesimama. Kusimama. Kwa culp mkono ulipiga kifua. Kwa carn ilibidi aimbe mbali kidogo, mpaka pale kwenye incarnatus ambapo kanisa zima lilikuwa linashuka, na yeye akashuka papo hapo kwenye udongo wenye unyevu, akaponda karoti.

"Magoti," akasema akiwa chini. "Andika magoti. Halafu nishike mkono niinuke."

Happiness aliandika, na ili asisahau alifanya kila neno kwa mwili kama bibi yake. Ukipita njia ya juu ungewaona wawili hao wanainuka, wanapiga magoti, wanajipiga vifua katikati ya karoti, na wageni wa Irente wakiwapiga picha.

Lakini Yudith alichanganyikiwa, na kadiri siku zilivyokwenda alizidi. Mambo mengine yalikubali. Gazeti liliandika kwamba polisi wanamtafuta culprit aliyevunja duka, na mtu wa kuvunja duka kwa nini asiwe na kifua? Lakini mengine yalikataa. Mwalimu alisema ushindi wa timu ya shule ulikuwa incredible. In ni kukataa, cred ni kusimama, ible ni kuwezekana. Kwa hiyo ushindi wao ni ule usioweza kusimama. Happiness akauliza kwa nini basi mwalimu alifurahi. Yudith alilala na jambo hilo. Asubuhi akasema labda goli lilikuwa la kuotea, na mwalimu kwa ustaarabu wake hakutaka kuwavunja moyo.

Ile mikia nayo ilimsumbua. Alisema sisi Washambaa tunabeba ukoo kichwani, Shemhilu, Shekiondo, mtu akianza tu kukutaja tayari unajulikana ni wa nani. Hawa wenzetu wanakuacha unasubiri mpaka mwisho wa neno ndipo wakwambie kama ni mtu, au kitu, au tabia. Na yale maneno mengi ya jambo moja. Mwalimu aliwapa begin, akawapa start, akawapa commence, akasema yote ni kuanza. Yudith alitaka kujua nani aliyeomba matatu. Happiness akaeleza alivyoelezwa: kwamba mengine ni ya nyumbani kwao tangu zamani na mengine waliyapokea kwa wageni waliowatawala na kwa mapadri, hivyo lile la nyumbani ni la jikoni na lile la kupokea ni la ofisini.

Yudith akang'oa magugu kama matatu. Kisha akasema hilo analielewa. Sisi jikoni tunasema Kishambaa, sokoni Kiswahili, na mtoto akitaka cheo anasema Kiingereza. Kumbe na Mwingereza alipitia hapo hapo. Kidogo akamhurumia. Halafu akachanganyikiwa tena, maana kama Mwingereza naye alikuwa anaazima, mbona alikuja kumfunga babu yake kwa ajili ya matuta kana kwamba kila kitu ni chake?

Mtihani wa nusu muhula ukafika. Happiness aliingia na uso mweupe, akatoka hivyo hivyo. Alisema ameandika kila kitu. Yudith akachinja jogoo kabla ya majibu, jambo ambalo hata Husna alimwambia si la kufanya.

Majibu aliyapata gulioni, na aliyapata kwa Husna. Walikuwa wamekaa kwenye magunia yao, Yudith na karoti, Husna na hoho, na Husna alikuwa anacheka peke yake tangu asubuhi. Mwisho akashindwa. Akamwambia Yudith ashushe kanga afunike magoti, maana simba ameshuka Lushoto na inasemekana siku hizi hali kitu kingine. Yudith akamtaka aseme vizuri au anyamaze. Ndipo Husna akamweleza lililokuwa limeenea bonde zima kutoka kwa watoto wa shule: kwamba kwenye mtihani wa baiolojia waliulizwa carnivore ni mnyama gani, na Happiness akaandika kwa Kiingereza safi kwamba ni mnyama anayekula magoti. Vor ni kula, hiyo walifundishwa wote. Kwa mfano, akaendelea kuandika, simba, chui na paka. Darasa zima lilicheka mpaka wa darasa la jirani wakaja kuchungulia.

"Mwalimu akamuuliza nani kakufundisha," Husna akasema, sasa hacheki tena kwa kuona uso wa mwenzake. "Mtoto akasema amekisia tu."

Yudith akageukia wateja. Aliuza karoti zake mpaka zikaisha, akakunja gunia, akarudi. Nyumbani akamkuta Happiness anaosha vyombo, na simu iko juu ya stuli. Timotheo alikuwa amepiga. Alama zimemfikia Korogwe, na atapanda Jumamosi kumchukua. Alikuwa amesema hana hasira. Mtoto anayekisia mtihani hajafundishwa kazi, na kule atafundishwa.

"Kwa nini ulisema umekisia?" bibi akamuuliza.

Happiness aliendelea kusugua sufuria ambalo lilikuwa limeshatakata. "Wangekucheka wewe."

Hapo Yudith alipaswa kuelewa, lakini bado hakuelewa. Aliona dhahiri kwamba kuna mtu amekosea, na kwa kuwa yeye na mzee Hezekia hawakukosea, basi ni shule. Ijumaa asubuhi alivaa gauni lake la kitenge la Pasaka na viatu vya kufunga, akateremka mpaka shuleni kusahihisha mambo.

Mwalimu Hamza alikuwa ofisini kwa walimu, amejikunyata karibu na dirisha lenye jua. Aliinuka haraka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwalimu, nimekuja na swali. Simba anakula nini?"

"Nyama, bibi."

"Anabakisha magoti?"

Mwalimu akatazama pembeni kidogo kama mtu anayetafuta mtego ulipo. "Habakishi."

"Basi mtoto wangu kakosa wapi?"

Walimu wengine waliinamia madaftari waliyokuwa wakisahihisha. Mwalimu Hamza hakucheka. Alivuta kiti akamkaribisha, akaitoa karatasi ya Happiness, akasema kwamba yeye mwenyewe imemtatiza. Anayekisia, alisema, hukosea ovyo. Hapa anapatia, pale anapotea. Huyu kila neno amelikata panapotakiwa kukatwa, mkia anaujua, kichwa anakijua, lakini mizizi imekosewa kwa mpango, kana kwamba kuna kitabu mahali fulani kilichoandikwa makosa matupu. Hajawahi kuona kitu kama hicho.

"Hakuna kitabu," Yudith akasema. "Ni mimi."

Akasimama, maana Kilatini hakijui akiwa amekaa, akamwimbia. Aliimba palepale ofisini katikati ya madaftari, kwa sauti ambayo mzee Hezekia aliinyoosha kwa fimbo na miaka haijaikunja sana, na alipofika kwenye culpa akakipiga kifua chake, na kifua kikalia. Kalamu zote zilitulia.

Mwalimu Hamza akaiweka karatasi mezani. Akasema yeye hajawahi kuingia kwenye misa, lakini culpa ipo katika mizizi aliyojifunza chuoni, na haina habari na kifua. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza njia, "Bibi, siku hizi ambapo mnasali kwa Kiswahili, hapo mnapojipiga kifua mnasema nini?"

Yudith akafungua kinywa kujibu, maana jibu ni jepesi, hata mtoto wa komunyo ya kwanza analijua. "Tunasema nimekosa mi—"

Mkono ulikuwa bado uko kifuani.

"Kosa," Mwalimu Hamza akasema. "Ndiyo maana yake. Na mnaposimama?"

"Nasadiki," alisema Yudith, na sauti ilikuwa imemtoka nusu.

"Na pale pa magoti?"

Hapo alichelewa sana. Alilijua, alikuwa amelisema Jumapili iliyopita na atalisema Jumapili ijayo. "Akapata mwili," akasema.

"Mwili. Nyama."

Alikaa. Maneno ya zamani na maneno ya siku hizi yalikuwa yameishi kinywani mwake tangu usichana, kama wapangaji wawili wa nyumba moja ambao hawajawahi kusalimiana, na leo kijana wa Mnazi mwenye sweta mbili ndiye aliyewatambulisha. Hakujua aone haya au acheke au akasirike. Akachagua kukasirika, akauliza kama ina maana mzee Hezekia alimdanganya, yeye, mtoto mdogo, chini ya ukuta wa kanisa.

Mwalimu akatikisa kichwa. Akamweleza kwamba yeye alihifadhi juzuu ya Amma ya Kurani akiwa mdogo kuliko Happiness, bila kujua neno lake moja, na mtu angemuuliza maana ya neno angemwonyesha pa kurukuu na pa kusujudu. "Hakukudanganya, bibi. Wewe ulimuuliza maana, yeye akakwambia cha kufanya."

Yudith alimshukuru, akaaga. Hakuwa ameridhika. Njia nzima ya kupanda alikuwa anayatoa maneno moja moja na kuyatazama kama mtu anayekagua mayai kwenye mwanga, hili zima, hili viza, na kwa mengi hakuweza kujua. Alimfikiria yule mzungu mzee aliyevua kofia. Yeye siku zote alijua Dominus vobiscum ni kukunjua mikono. Sasa alimwambia nini yule mtu mpaka akalengwa na machozi? Na yule mtu akamjibu nini? Ilikuwa kama kupokea barua na kuiweka miaka yote kwenye sanduku bila kuisoma. Lile la kengele, Sanctus, hakumuuliza mwalimu. Lilimjia ulimini akiwa pale ofisini, akalimeza. Aliogopa lisije nalo likawa viza.

Jumamosi Timotheo alifika mapema na bodaboda. Alisalimia, akanywa uji, hakukaa sana. Alikunja godoro la Happiness, akalifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki, na mtoto akasimama mlangoni na mkoba wake, viatu vya shule miguuni, hatazami mtu. Dereva akawasha. Yudith alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jiko. Angeweza kunyamaza. Mtoto alikuwa amekwisha kulibeba lile jambo kwa niaba yake, na bonde zima lilikuwa limeridhika kwamba aliyekosea ni msichana wa kidato cha pili.

"Timotheo, mwambie azime hicho chombo."

Dereva akazima. Ndipo akasema, amesimama wima kama kwenye nasadiki, kwamba Happiness hajakisia hata neno moja. Alijifunza kila neno, akalishika, akaliandika kama alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni yeye, bibi yake. Alimfundisha Kilatini ambacho yeye mwenyewe alikuwa anakijua kwa magoti na kwa kifua, na maana zake hakuzijua, ila hakujua kuwa hazijui. "Mtoto si mvivu. Nimekosa mimi." Akasema hivyo na mkono ukaenda kifuani wenyewe, na mara hii mkono na maneno yakakutana.

Timotheo alimtazama mama yake. Katika maisha yake yote alikuwa hajamsikia akikiri kosa, si kwa mkuu wa serikali, si kwa baba yake, si kwa mvua. Alikwangua tope la kiatu kwenye jiwe.

"Mama," akasema mwishowe, "na mimi uliniambia Credo ni kusimama. Kule Korogwe nimewafundisha mafundi wenzangu."

Dereva wa bodaboda akageuza uso. Happiness akaziba mdomo kwa mkono. Yudith akajitahidi kuwa mkali, akashindwa, akaketi kwenye kizingiti akacheka mpaka akashika mbavu, na Timotheo naye akacheka, ila kidogo kidogo, kama mtu anayehesabu ni watu wangapi itabidi akawarudie. Kisha akaenda kwenye pikipiki akaufungua ule mpira. Alilirudisha godoro ndani mwenyewe, akalitandika pale pale lilipokuwa. Alisema mtoto atabaki mpaka mtihani wa taifa wa mwisho wa mwaka, kwa sharti moja, kwamba bibi asimfundishe tena.

Akiwa ameshapanda nyuma ya dereva, akageuka, akauliza polepole kama na lile la kengele nalo ni uongo.

"La kengele bado," Yudith akasema. "Nenda salama."

Jioni ile ukungu ulishuka mapema. Husna alikuja kuomba moto, akakaa kidogo, akauliza kama ni salama kukaa na magoti wazi, akafukuzwa kwa mwiko. Walipobaki wawili Yudith alimwita Happiness akae kwenye stuli, yeye akabaki kwenye kigoda karibu na mafiga.

"Baba yako amesema nisikufundishe, na sitakufundisha," alimwambia. "Lakini hakusema wewe usinifundishe mimi. Sikiliza, mke mwenzangu. Nimeimba maneno haya tangu sijaota matiti, na sijui nilikuwa namwambia nini Mungu. Nitakuimbia, kidogo kidogo, kila siku mstari. Wewe utalichukua kila neno kwa mwalimu wako, ulikate anavyowafundisha yeye, uniletee maana yake kwa Kiswahili, halafu tukiwa hapa jikoni uniambie kwa Kishambaa. Usiruke hata moja. Na ukishajua maana, bado ulifanye kwa mwili kama tulivyofanya shambani, maana lililoingia mwilini halitoki. Hilo nimelithibitisha vibaya, sasa ulithibitishe vizuri. Nikifa kabla hatujamaliza, endelea, uje uyasome kaburini kwa sauti, nitasikia."

Happiness akauliza waanzie wapi, mwanzoni?

Yudith alichochea moto, akasogeza kuni iliyokuwa inafuka moshi.

"Anza na lile la kengele," akasema. "Lakini uwe na hakika kabisa kabla hujaja kuniambia."